Mtoto Wangu Alipokula Nyuma ya Mlango

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu, aliyenipa pumzi ya kusimama mbele yenu asubuhi hii. Wengi mnanijua kama Mama Neema, yule anayeuza uji na maandazi hapa Kalangalala. Jina langu la nyumbani ni Minza. Nimekaa na ushuhuda huu muda mrefu kwa sababu ya aibu. Leo aibu imenichoka.

Nilizaliwa Kishapu, nje kidogo ya Mhunze. Mama yangu, Kabula, alikuwa mpishi wa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa. Kijana wao wa pekee, Naresh, ndiye baba yangu. Mimba ilipoonekana, kijana alisafirishwa mbali na mama akafukuzwa. Akarudi kwa kaka yake, na huko ndiko nilikozaliwa. Ngozi nilichukua ya mama, nyeusi kama mnavyoiona. Nywele ndizo zilikuwa za kwao. Basi nikakosa upande. Watoto wenzangu waliniita Mhindi. Nikipita dukani, bibi yangu, Mama Naresh, aliniita golo. Ni neno la kumwambia mtu mweusi kwamba yeye ni mtumwa tu.

Mama alifariki nikiwa na miaka tisa. Mwaka uliofuata mvua ilikataa kabisa. Pamba ilikauka ingali changa, ng'ombe wakawa wanaanguka njiani wakipelekwa kunywa maji. Tulikula michembe, vile viazi vilivyokaushwa, hadi ikabaki vumbi chini ya gunia. Mjomba akasema mkosi ule nimeuleta mimi, kwa kuwa nina damu isiyo na ukoo. Akaamuru nisile na wanawe. Bakuli langu likawekwa nyuma ya mlango wa jikoni, nami nikawa nakula huko, nimeipa nyumba mgongo. Nikimaliza napigwa, nisipomaliza napigwa.

Siku moja akaniambia, "Nenda ukale kwa baba yako."

Nilitembea hadi Mhunze kwa miguu. Nikapiga hodi mlango wa nyuma wa lile duka, Mama Naresh akafungua mwenyewe. Nikasema, "Shikamoo Bibi. Mimi ni mtoto wa Kabula. Nina njaa." Alinitazama muda mrefu, nikadhani ananihurumia. Kisha akamgeukia mlinzi. "Mtoe huyu golo hapa." Mlinzi alikuwa Msukuma kama mimi. Alinichapa kwa fimbo hadi barabarani, na hili kovu la juu ya jicho ni la siku ile. Nilipofika nyumbani mikono mitupu, mjomba naye akanichapa.

Ndugu zangu, simsemi Mhindi, wala simsemi Msukuma. Siku ile wote wawili walishika fimbo moja.

Nikiwa na miaka kumi na mitano nilikuja Geita na wanawake waliokuwa wanafuata kazi ya kuponda mawe ya dhahabu. Nilikaa juani na nyundo miaka mingi. Nikampata Neema. Baba yake alihamia machimbo mengine, hakurudi. Watu walinisifu kwamba najituma. Hawakujua kwamba kila jiwe nililokuwa naliponda nililibandika jina la mtu. Hili Mama Naresh. Hili mjomba. Nilikuwa nasali kanisani humu humu, na Jumatatu naponda watu.

Sasa nisikilizeni. Neema alipokuwa na miaka sita, alirudi kutoka shuleni akaniuliza, "Mama, babu yangu ni nani? Wenzangu wanasema nywele zangu si za hapa."

Nilikuwa nasonga ugali. Nikatoa mwiko sufuriani nikampiga nao, wa moto vile vile. Nikampiga tena. Halafu mdomo wangu ukafunguka, nikamwita golo.

Nilimwita mtoto wangu golo. Kabla ya siku ile sikuwahi kulitamka neno lile maishani mwangu. Nilidhani nimeliacha Mhunze.

Neema hakulia. Alichukua sahani yake, akaenda kukaa nyuma ya mlango, akaanza kula akitazama ukuta. Sikumfundisha. Sikuwahi kumsimulia habari za bakuli langu. Kesho yake akafanya vile vile, na kesho kutwa. Nilikuwa namwona pale, na siwezi kumwita.

Siku ya nne, Jumamosi mchana, jirani yangu Mama Sabina aliingia kuomba moto. Ndiye huyu aliyekaa pale mbele. Akamwona Neema nyuma ya mlango.

"Mtoto amekosa nini?" akaniuliza.

"Hajakosa kitu."

"Sasa mbona anakula kama mgeni asiyetakiwa?"

Mama Sabina hakuhubiri. Alikalisha sufuria ya ugali katikati ya chumba, akamshika Neema mkono akamleta, akamnawisha. Kisha akanisogezea maji.

"Nawa, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma.

Nikamwambia mimi huwa sili na watu. Ilikuwa kweli. Tangu mwaka ule wa ukame, mkono wangu haukuwahi kukutana na mkono wa mtu kwenye chombo kimoja.

"Nawa, Minza," akasema tena, taratibu.

Nikanawa. Tulipomega ugali, vidole vya Neema viligusa vyangu, naye akavirudisha haraka kwa woga. Hapo nikavunjika. Nilianguka pale pale sakafuni. Mama Sabina akaweka mkono kichwani pangu, akaanza kuomba kwa Kisukuma.

Ndugu zangu, Kisukuma kwangu kilikuwa lugha ya matusi na fimbo. Kanisani nilikuwa naomba kwa Kiswahili siku zote. Sikuwa najua kwamba Mulungu anaweza kuitwa kwa lugha ile ile niliyolaaniwa nayo, naye akaja. Na alikuja. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Chumba kilinyamaza, hata mashine za kusaga mawe kule nje kana kwamba zilizimwa. Kuna kitu kilinitoka kifuani polepole, kama mtu anavyotua mzigo kwa uangalifu asiuvunje. Niliogopa hata kupumua. Mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama.

Nilipoinuka nilimpigia magoti mtoto wa miaka sita. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Neno lile si jina lako. Wala halikuwa jina langu." Akanifuta machozi kwa mkono wenye ugali.

Miezi michache baadaye nilikwenda naye Mhunze. Mjomba alikuwa ameshafariki. Mama Naresh nilimkuta dukani, mzee sana, anapima kitambaa. Nikamwamkia. Nikasema, "Bibi, mimi ni mtoto wa Kabula. Nimekuja kukuambia kwamba nimekusamehe."

Hakuinua uso. "Simjui Kabula," akasema, akaendelea kupima.

Nilisimama nikingoja ule moto wa zamani uwake. Nilijichunguza kama mtu anayepapasa jino lililokuwa linauma. Haukuwaka. Nikamwambia, "Mungu akutunze, Bibi," na nilikuwa namaanisha. Tukatoka.

Nje Neema akaniuliza, "Mama, mbona hulii?"

Nilikuwa nashangaa kuliko yeye. Tukaenda gulioni, tukanunua miwa, tukaila tumekaa juu ya gogo katikati ya watu.

Basi namshukuru Mungu, na namshukuru Mama Sabina, ambaye mpaka leo anasema alikuja kuomba moto tu. Inawezekana hapa yupo mtu anayekula peke yake. Inawezekana yupo mzazi ambaye mkono wake unamtisha yeye mwenyewe. Nakusihi usingoje aliyekuumiza aje aombe radhi. Wa kwangu hakuomba, na Mungu hakumngoja. Ibada ikiisha nitakuwa pale mlangoni, na nyumbani kuna ugali. Karibu tuombe, kwa lugha yoyote uliyo nayo, kisha twende tukale.