Kitufe cha Nimefika

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

BOSI: Haloo! Naongea na yule dada anayetengeneza app?

FUNDI: Ndiye mimi. Habari za jioni?

BOSI: Nzuri tu, dada. Mimi ni yule bwana wa ususi, tuliandikiana jana—

FUNDI: Aa, Bosi wa Ususi! Ndivyo ulivyojiandika. Karibu, kaka. Nilikuwa nakungoja tupange kazi.

BOSI: Ila ulisema huandiki zile kodi za kompyuta wewe mwenyewe?

FUNDI: Siandiki. Vipande vipo tayari, mimi naviunganisha tu. Ndiyo maana nauliza sana kabla sijagusa kitu. Biashara yako inaendaje?

BOSI: Msusi anapigiwa simu, anakwenda nyumbani kwa mteja, anasuka, anarudi. Sasa nataka akifika abonyeze kitufe: Nimefika. Akimaliza: Nimeondoka. Na ramani inionyeshe alipo.

FUNDI: Sawa. Na wateja waweke miadi humohumo?

BOSI: Wateja? Hao waache kwanza. Halafu apige picha ya— haloo?

FUNDI: Unakatikakatika. Picha ya nini?

BOSI: Ya mlango wa nyumba aliyoingia! Na sauti. Simu haiwezi kuwa inarekodi yenyewe, bila—

FUNDI: Ngoja, ngoja, kaka. Twende polepole. Una wasusi wangapi?

BOSI: Kwa sasa?

FUNDI: Kwa sasa.

BOSI: Mmoja.

FUNDI: Na huyo mmoja ameshaambiwa habari za hii app?

BOSI: Ataambiwa. Dada, mteja wako ni mimi, si yeye.

FUNDI: Kweli. Ila kitufe atabonyeza yeye. Huwa sipangi kazi kabla sijaongea na atakayeitumia. Naweza kumpigia?

BOSI: Hapana! Yaani... yuko kazini. Halafu ataanza maswali.

FUNDI: Kaka, huyo msusi ni nani wako?

(Mtandao unakwaruza.)

BOSI: Mke wangu. Kuna ubaya?

FUNDI: Sijasema kuna ubaya.

BOSI: Kwa sauti hiyo, umeshasema. Sikiliza. Mimi nilikuwa dereva wa lori. Nikaumia mguu, sasa nashinda ndani, ghorofa ya nne, nahesabu nyufa za dari. Yeye anatoka asubuhi na mkoba wake wa vitana. Zamani alikuwa anarudi jua bado liko juu. Siku hizi mpaka giza liingie. Nikimuuliza, foleni. Kila siku foleni! Foleni gani hiyo isiyojua hata Jumapili?

FUNDI: Pole, kaka.

BOSI: Sitaki pole, nataka app!

FUNDI: Basi nijibu swali ninalomuuliza kila mteja. Tuondoe picha, tuondoe sauti, tuondoe vitufe. Kibaki kitu kimoja tu, ambacho kikikosekana app nzima haina maana. Ni kipi?

BOSI: Nijue alipo.

FUNDI: Ukishajua, ili iweje?

BOSI: Ili nijue... (Anakohoa.) Ili nijue kama atarudi.

FUNDI: Hicho sina kipande chake, kaka.

BOSI: Kitafute. Si umesema vipo tayari?

FUNDI: Hicho hakipo popote. Na hivyo vingine sitaviunganisha, nisikudanganye. Yeye mwenyewe umeshamwambia unachoogopa?

BOSI: Nimwambieje? Mtu anakulisha, anakuvisha, anakusugua mgongo kama kitoto, halafu umwambie— subiri. Mlango. Amekuja. Kata, nitakupi—

MKE: (Kwa mbali.) Unaongea na nani?

BOSI: Na... na fundi.

MKE: Fundi gani mwenye sauti ya kike? Lete hiyo simu. Haloo! Wewe nani unayenong'onezana na mume wangu?

FUNDI: Pole na kazi, dada. Mimi natengeneza app. Mumeo kanipa kazi, nimemwambia siifanyi.

MKE: App ya nini?

FUNDI: Hilo akwambie mwenyewe. Si yuko hapo?

MKE: Haya, baba, sema. Ya nini?

BOSI: (Kwa mbali.) Ya kujua uko wapi.

MKE: Niko hapa.

BOSI: Kabla ya hapa. Jioni zote hizi.

(Kitu kizito kinawekwa mezani.)

MKE: Kwenye ngazi.

BOSI: Ngazi zipi?

MKE: Hizihizi zetu, pale chini. Nafika mapema tu, nakaa. Sina mtu, usiniangalie hivyo. Nakaa tu, peke yangu, mpaka nijione naweza kupanda. Fundi, unanisikia? Hiyo app yenu ingemwonyesha nini?

FUNDI: Ingemwonyesha uko nyumbani.

MKE: Umeona? Shika simu yako.

BOSI: We! Unakwenda wapi tena? Mama! (Hatua zinashuka ngazi.) Fundi... bado upo?

FUNDI: Nipo.

BOSI: Ameshuka. Ameacha mlango wazi.

FUNDI: Na mkoba?

BOSI: Mkoba uko hapa mezani.

FUNDI: Basi hajaenda mbali. Mfuate.

BOSI: Na mguu huu? Tangu niumie sijawahi kushuka bila yeye kunishika!

FUNDI: Shuka kwa makalio, kaka. Kuna nani wa kukucheka?

BOSI: Halafu nikifika pale nimwambie nini?

FUNDI: Usimuulize kitu. Msogelee tu, ukae—

BOSI: Haya. Haya, ngoja nivute mkongojo. Ah, na salio nalo linakwi— dada, baadaye, eh? Baad—

(Simu inakatika.)