Fimbo Hubaki Nje

Ndugu zangu, nyie mlioko nyuma sogeeni kidogo. Sauti yangu mnaijua, haifiki ukutani. Leo nataka mjue ilipotelea wapi.

Asubuhi moja niliondoka Magamba bila kujua naenda wapi. Niliamka, nikanawa uso, nikajikuta barabarani. Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu miguu yangu haikukubali kukaa chini ya dawati. Nilikuwa nimekwishavuna tumbaku, nimepakia mabehewa stesheni, nimechunga ng'ombe wa watu mpaka Kisukuma kikaniingia mdomoni. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kazi inaendaje, kisha hamu ikaisha. Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi ndiyo vimeanza, na kila mtu alikuwa na la kusema.

Nilipofika Mpanda mjini nikakuta watu wamejaa nje ya mahakama. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anauza chai na mihogo ya kukaanga, "Mama, kuna nini?"

"Kesi ya shamba, mwanangu. Lakini hatusikii kitu. Tunaangalia migongo tu."

Mimi na kitu nisichokijua hatukai pamoja. Nikajipenyeza mpaka dirishani, nikasikiliza, nikaanza kuwageukia walioko nyuma. "Hakimu anauliza mpaka uko wapi." "Mlalamikaji anasema uko kwenye mninga." Wasukuma nikawageuzia kwa Kisukuma. Kabla ya mchana nilikuwa nimeshapewa jina, Redio. "Redio, ongeza sauti." "Redio, rudia hapo, kuna mtu kakohoa."

Hakimu akainua kichwa, akamtuma askari aniingize ndani. Nikajua leo nalala mahabusu.

"Wewe nani?"

"Mpita njia, mheshimiwa."

"Mpita njia, unatangaza shauri langu kama mpira?" Wazee wa baraza wakainama kuficha kicheko. Yeye hakucheka. "Kuna mashahidi huko nje wanasubiri zamu. Wakishasikia wenzao walichosema, ushahidi wao una maana gani? Dirishani sitaki kukuona tena." Akaniangalia kidogo. "Lakini mlangoni sina mtu mwenye sauti. Kesho uje."

Ndiyo nikawa mlinzi wa mlango. Kazi yangu ilikuwa kuita majina ya wenye mashauri mpaka yafike sokoni, kunyamaza shauri likianza, na kuhakikisha hakuna anayeingia na silaha. Pale kwetu silaha ni neno kubwa kwa kitu cha kawaida. Mfugaji hatembei bila fimbo, mkulima hatembei bila panga. Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu: fimbo za wafugaji zinaegemezwa ukutani upande wa kulia wa mlango, mapanga na majembe ya wakulima upande wa kushoto. Kila mtu anakiona cha kwake kutoka alipokaa, na moyo wake unatulia. Nilizipenda zile fimbo. Nilimuuliza kila mzee fimbo yake ni ya mti gani, aliikata wapi, kwa nini imepinda shingoni. Kwa mara ya kwanza maishani nikakaa mahali na hamu haikuisha.

Halafu likaja shauri la ng'ombe walioingia kwenye mahindi. Upande mmoja familia ya wafugaji, upande wa pili wakulima waliokuwa wamelima bonde zima. Siku ya hukumu walikuja na ndugu, na majirani wa ndugu. Walikaa mbalimbali uwanjani, katikati pamebaki peupe, hakuna aliyethubutu hata kupita kwenda kununua chai. Askari aliyekuwepo alikuwa ndani.

Hakimu akaanza kusoma. Na mvua nayo ikaanza, watu wakainama wakijifunika vichwa.

Ndugu zangu, nawaambia, kosa la siku ile lingefanywa na mlinzi wa mlango ule tu. Nikaona fimbo zinalowa. Fimbo ikilowa na kukauka juani inapasuka, wazee walishanieleza. Nikazibeba zote za upande wa kulia, nikaziweka stoo, nikafunga. Sikumwambia mtu. Shauri lilikuwa linaendelea, na mimi nilikatazwa kupaza sauti shauri likiendelea. Nikarudi kuchukua mapanga.

Sasa jiwekeni mahali pa wafugaji. Umetazama ukutani, fimbo zenu hazipo. Mapanga ya wenzenu yapo. Na yule mlinzi anayakumbatia, anageuka nayo.

"Redio, fimbo zetu ziko wapi?"

Kabla sijajibu, mwingine akasema, "Anawagawia."

Uwanja ule mweupe ukajaa mara moja. Wakulima nao wakaona wenzao wanakimbia, wakakimbilia mapanga yao. Nikawa katikati. Kijana mmoja wa kifugaji akanyakua jembe ukutani, mpini ukanipata kwenye taya, nikasikia mlio kichwani kama kijiti kikivunjwa. Nikaanguka. Nilichokumbuka ni kwamba mapanga yako chini yangu, basi nikayalalia. Walinivuta shati, walinikanyaga, sikuinuka. Askari alipotoka akapiga risasi hewani, watu wakatawanyika. Hakuna aliyekatwa siku ile. Mimi tu ndiye niliyebebwa.

Hospitali walinifunga taya. Nesi alikuwa ananinywesha uji kwa mrija, huku akinisemesha na kujijibu mwenyewe. Na huko nje, kwa kuwa mimi siwezi kusema, watu wakanisemea. Wafugaji walisema nimehongwa na wakulima. Wakulima walisema wafugaji wamenipa ndama ili niwaondolee wakulima mapanga. Mtu mmoja alisimama kwenye dirisha la wodi, akasema polepole, kama anayeniaga, "Upone, Redio. Ukipona tutakutana njiani." Niliyekuwa nikitangaza maneno ya kila mtu, nilikuwa nasikia yangu yanatangazwa na sina pa kuyasahihisha.

Taya lilipofunguliwa, sauti haikurudi. Ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya gunia. Mwenye nyumba akanitolea godoro langu nje, akasema hataki kuchomewa paa. Nikawa nalala kwenye baraza la mama wa chai, na mtu akipita nyuma yangu mwili mzima unaruka.

Kijana aliyenipiga alikamatwa, na mimi nikaitwa kuwa shahidi wa mwisho. Siku hiyo uwanja ulijaa kuliko siku ya hukumu. Nilijua jambo moja tu: hawa walioko nje wasiponisikia leo, Mpanda sitoki mzima. Pande zote mbili zilikuwa zinanisubiri.

"Shahidi, sema kwa nguvu," hakimu akasema.

"Siwezi, mheshimiwa."

Nikaanza kueleza. Nje kelele zikapanda. "Anasema nini?" "Anakana?" "Si nilikwambia, anakana." Nikaona vivuli vinasogea mlangoni. Mlinzi mpya alikuwa kashika fremu kwa mikono miwili. Nikashika ukingo wa kizimba, nikazidi kueleza.

Ndipo nikasikia sauti ya mama wa chai dirishani, ile anayoitia wateja.

"Anasema mvua ilianza. Anasema aliona fimbo zinalowa."

Na nyuma yake mzee wa kifugaji, jina lake silijui mpaka leo, akayarudia kwa Kisukuma, neno kwa neno.

Hakimu akainua kichwa, akatazama dirisha. Amri ile ya dirishani naijua, mimi ndiye niliyetungiwa. Akatazama karatasi zake. "Mashahidi wengine wamekwisha?" akamuuliza karani. Karani akasema wamekwisha. Hakimu akashika kalamu. "Endelea, shahidi. Polepole, dirisha likufuate."

Nikaendelea. Sentensi yangu, sentensi ya mama, sentensi ya mzee. Nje pakatulia mpaka nikasikia mafuta ya mihogo yakichemka.

Mshitakiwa akapewa nafasi ya kuniuliza. Kijana mdogo, macho mekundu. "Kaka, kwa nini hukutuambia unazihamisha?"

"Nilikatazwa kusema shauri likiendelea," nikamjibu. "Lakini nyie ndio wenye fimbo. Hata kwa kidole ningewaonyesha."

Mama akayatoa hayo yote nje, mzee akayapokea. Kisha mzee huyohuyo akaingiza kichwa dirishani. "Mheshimiwa, naomba aulizwe. Yangu iko wapi?"

"Stoo," nikasema, maana zote zilikuwa zimeshikiliwa huko kama vielelezo. "Ile ya mti wa mkole, imepinda shingoni. Ni kavu."

Mtu akacheka uwanjani, halafu wa upande wa pili naye akacheka. Nilipotoka nje walinipisha njia katikati, na yule wa dirisha la wodi alinipa mkono bila kunitazama.

Hakimu alitaka nirudi mlangoni. Sikuweza. Mwili ulikuwa bado unaruka. Asubuhi moja nikaondoka tena bila mpango, na mzee akanipa fimbo yake ya mkole ya kutembelea.

Nawashukuru nesi, hakimu, mama wa chai na mzee yule. Na ninyi niwaombe jambo moja. Mtu akiwa hasikiki, msimsemee ya kwenu. Msogeleeni karibu, msikie, kisha mpeleke maneno yake kama alivyoyatoa.

Nilifika hapa Inyonga jioni, mawingu yameshuka juu ya miti. Nikabisha nyumba ya kwanza yenye moshi. Aliyefungua yupo katikati yenu sasa hivi, ameinama, hataki nimtaje. Nikamwomba mahali pa kulala, na kwa mazoea nikainama kuiegemeza fimbo ukutani, nje ya mlango.

Akanisikiliza mpaka mwisho, sikio karibu na mdomo wangu. Kisha akatazama mawingu.

"Ingia nayo," akasema. "Italowa."