Tulivyomchangia Ekwam Miaka

Benchi letu hapa Kakuma ni kiti cha nyuma cha lori kilichong'olewa, kimewekwa mbele ya saiba ya Byron, duka la intaneti, na mimi Chepkemoi ndiye mwenye kahawa. Mtu akikaa bila kununua namwangalia mpaka anunue. Nilitoka Bomet nikidhani nitauza mwaka mmoja nirudi, na sasa nikienda kwetu nasikia baridi mpaka kwa mifupa. Wateja wangu wanajulikana. Elijah ni karani wa ofisi ya serikali, mtu wa Vihiga, tunamwita Gazeti kwa sababu hakuna habari inayompita, na ikimpita anaitunga mwenyewe. Lual ni wa Sudan Kusini, anauza kadi za simu kambini kwa wakimbizi wenzake. Huyo tunamwita Vyeti, maana hakuna semina iliyowahi kufanywa kambini bila yeye kukaa mpaka mwisho apewe karatasi. Byron ni kijana wa Nairobi, saiba ni yake na kelele ni zake. Siku ninayosema ilikuwa Disemba, 2012, watu ndio wametoka kujiandikisha kura, jua linachoma kama kawaida yake, na Ekwam akatoka ndani ya saiba uso umemshuka.

Gazeti: Ejok, habari yako, Ekwam! Nini mbaya?

Ekwam: Imenikataa tena.

Lual: Nani amekataa wewe? Ile mama ya ofisi?

Ekwam: Si mama. Mashine.

Ekwam ni kijana wa hapa Turkana, fundi wa pampu za maji, mpole mpaka unataka kumsukuma aongee. Shirika lililomwajiri kule Loki, mpakani, lilifunga virago, na tangu hapo anahangaika. Zamani ukitaka kazi ulipeleka bahasha yako getini, ukaitumbukiza kwa sanduku, ukasalimiana na askari, ukajua umefika. Sasa kuna shirika limetangaza nafasi ya fundi wa pampu, na maombi yanapitia mtandao peke yake. Mwisho ni siku hiyohiyo, saa kumi na moja jioni. Na mjomba wake alishamwambia wazi: Krismasi ikukute bila kazi, unarudi Kataboi ziwani tuvute nyavu. Ekwam hapendi nyavu. Anapenda pampu vile watu wengine wanapenda ng'ombe. Mimi nilimwonea huruma, sitaficha, hata nikampa kikombe kabla hajaitisha.

Byron: Wasee, niwaambie hiyo kitu inawork aje. Haisomi kama mtu. Imepewa maneno, inatafuta hayo maneno. Isipoyaona, inakurusha nje. Halafu inahesabu miaka ya kazi. Inataka tano. Ekwam ameandika mbili.

Gazeti: Sasa si imemkataa? Imekwisha.

Byron: Zii. Unaweza tuma ingine mpaka saa kumi na moja. Jenereta iko na mafuta.

Gazeti: Basi tulieni. Haraka haraka haina baraka.

Mimi: Gazeti, imebaki saa moja!

Gazeti: Ndiyo nasema tulieni. Shida ya hii CV naijua. Ni heshima. Inaanza na jina lake, kubwa, juu kabisa. Unaingiaje kwa nyumba ya mtu unataja jina kabla ya hodi? Weka salamu. Uliza habari za kazi. Halafu weka muhuri wa chifu.

Byron: Muhuri kwa kompyuta, mzee?

Gazeti: Si unaskani! Sikia, hizi mashine ni familia moja. Ile ya kuandikisha kura imesoma vidole vyangu juzi. Hii ya kazi ni dada yake. Hii inasoma nia. Ukiandika na wasiwasi, inanusa.

Lual: Sisi kambini tulisomwa vidole zamani sana, na bado kazi hatuoni. Achana na vidole. Mashine inataka cheti. Mashine na cheti ni kama mbuzi na karatasi.

Mimi: Na wewe mwenye vyeti gunia zima, mbona uko hapa kwa benchi yangu?

Lual: Mama, mimi bado nachagua. Nina cheti ya kunawa mikono. Nina ya amani, mbili. Nina ya kufuga kuku.

Mimi: Una kuku?

Lual: Kuku sina. Lakini siku nitapata, sitasumbuka.

Hata Ekwam alicheka hapo. Nami nikatoa maoni yangu, maana siwezi kupika kahawa nimefunga mdomo. Nikawaambia hiyo mashine tangu asubuhi inasoma uongo wa watu wa Kenya nzima, saa hii imechoka, macho yanafumba, ndio wakati mzuri wa kupita. Gazeti akasema mashine haichoki. Nikamwuliza mbona ile ya kusaga mahindi inachoka.

Gazeti: Kwanza mnaiogopea nini? Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mashine haina hata unywele mmoja!

Byron: Na wewe mzee je, kichwa yako?

Tulicheka mpaka Gazeti akafunika upara wake kwa kofia. Byron akasema yeye ana dawa: atakopi lile tangazo la kazi lote, neno kwa neno, alibandike chini ya CV kwa rangi nyeupe. Binadamu akitazama ataona karatasi tupu. Mashine itaona maneno yake yote inayoyapenda, itafurahi, itafungua.

Lual: Hiyo ni uchawi.

Gazeti: Hiyo ni wizi.

Byron: Si wizi, ni nyeupe. Maneno yamekwisha, sasa tuseme miaka. Tuko short na tatu.

Hapo ndipo Gazeti aliposimama. Mnamjua Gazeti akisimama. Huyu ndiye anaongoza harambee zote hapa mjini, ya matanga, ya karo, ya paa la kanisa, na mkono wake ukishainuka hivi ujue hutoki hivihivi. Akasafisha koo kama amepewa maikrofoni.

Gazeti: Watu wa Mungu! Kijana wetu amepungukiwa. Na kidole kimoja hakivunji chawa. Akiugua mtu tunachanga. Akifiwa tunachanga. Leo Ekwam amekosa miaka, tutamwacha na sisi tuko nayo? Mimi naanza. Elijah wa Vihiga, mwaka mmoja, kuandika ripoti na kutunza stoo!

Nilipiga makofi kabla sijafikiri. Ni mazoea, mtu akitaja mchango unapiga makofi.

Lual: Mimi natoa mwaka moja na nusu. Kutafsiri. Kidinka na Kiarabu ya Juba.

Byron: Wapi makofi! Mimi naweka mbili, kompyuta. Na uongozi. Hii saiba haijiongozi.

Gazeti: Mama Kahawa, tunakutazama.

Mimi: Mimi nina nini? Nusu mwaka. Kuhudumia wateja.

Gazeti: Nusu? Mkono mzito hivyo, na siku yako ikifika?

Basi nikaongeza ukawa mwaka, aibu ni kitu kibaya. Byron alikuwa ndani anagonga kibodi huku anapaza sauti kupitia dirishani kila mchango unapoingia. Miaka ilijaa tano, ikapita, na hakuna aliyesema tosha. Gazeti akaongeza mwingine kwa niaba ya mke wake, aliyekuwa Vihiga na habari hana. Haba na haba hujaza kibaba, akasema.

Byron: Ngoja, ngoja. Nimepiga hesabu. Kwa hii miaka yote, Ekwam alianza kazi akiwa darasa la sita.

Gazeti: Mtoto mwerevu. Endelea.

Ekwam: Lakini mimi sijui Kiarabu.

Lual: Utajua. Wakikuuliza kitu, sema tamam.

Ekwam: Na kama hiyo kitu si tamam?

Lual: Sema tamam polepole.

Ekwam akazungusha kikombe mkononi. Nilimwona, lakini furaha ilikuwa imenishika kama wengine, nikadhani ni haya tu. Byron akatoka na karatasi aliyochapisha ili tuisikie kabla ya kutuma. Wakati huo alikuwa amekuja mama mmoja, mgeni kabisa kwa benchi, anangojea fotokopi zake ndani. Nilimpa kahawa, akasema anaitwa Céline, ni Mkongo, ametoka kambini, anashona nguo. Akakaa pembeni akasikiliza.

Byron akasoma kwa sauti. Ilikuwa Kizungu kitupu, akitutafsiria mahali pagumu. Fundi wa pampu. Mtunza stoo. Mtafsiri wa lugha tano. Mtaalamu wa kompyuta, kiongozi, mwenye upendo kwa wateja, mwenye ujuzi wa amani mara mbili na wa kuku. Referii, yaani wa kumshuhudia, chifu. Nilijisikia vizuri kama nimemzaa mimi. Gazeti alifuta jicho.

Gazeti: Penye wengi hapaharibiki neno. Tuma!

Céline: Samahani. Mimi niko mugeni, nataka kuuliza tu.

Gazeti: Uliza, mama. Hapa hakuna siri.

Céline: Huyu mutu ni muzuri sana. Kama bakimuita kwa intavyu, nani atakwenda?

Mimi niliangalia birika. Lual aliangalia viatu vyake. Lori la Loki likapita, vumbi likatufunika.

Gazeti: Ataenda Ekwam, si ni yeye.

Céline: Na bakiuliza mambo ya stoo?

Gazeti: Hapo... mimi naweza kusimama karibu na dirisha.

Lual: Na Kiarabu, mimi nasimama wapi?

Byron: Dirisha ni moja, wasee. Nimewahi fika hiyo ofisi.

Mimi: Basi twende wote. Tuseme ni familia.

Céline: Kwa kiti kimoja?

Lile swali lilikuwa dogo, mtoto angeuliza, na sisi watu wazima tulikuwa tumekaa karibu saa nzima bila kuliona. Nilimtazama Ekwam nikaona kwamba yeye aliliona zamani, ila utamwambiaje mtu aliyekuchangia kwamba mchango wake haukufai? Kwetu huwezi. Unapokea kwa mikono miwili unasema asante. Nilisikia vibaya, kusema kweli. Nikasema kwa nguvu, ili mtu asianze kuona haya peke yake: Ekwam, nirudishie mwaka wangu.

Lual: Na mimi, Kiarabu yangu.

Gazeti: Harambee haijawahi kurudishwa tangu uhuru!

Mimi: Leo itarudishwa. Na wa mke wako pia.

Gazeti: Haya, chukueni. Stoo yangu naomba.

Ekwam akasimama, akaingia saiba, na sisi nyuma yake, Céline na kikombe changu mkononi. Saa kumi na moja kasorobo. Byron akawa anafuta, miaka inaanguka mmoja mmoja, na yale maneno meupe nayo yakaenda, mpaka kwenye skrini pakabaki jina, cheti cha ufundi, na ile miaka miwili ya Loki.

Byron: Bro, hii itakurusha tena. Mbili si tano.

Ekwam: Andika Kataboi.

Byron: Kataboi ulifanya nini? Si kwenu tu?

Ekwam: Tangu nimalize darasa la nane nilikuwa na fundi wa misheni. Mzee Mou. Yeye alishika bomba, mimi nikafungua. Macho yake ikaharibika, mimi nikashika kazi yote. Ile pampu ya kando ya shule nilibadilisha mabomba yote mimi mwenyewe. Miaka minne.

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote Ekwam amewahi kusema mbele yangu.

Gazeti: Na ulikaa kimya? Saa yote hii?

Ekwam: Mlikuwa mnachanga.

Lual: Walikulipa?

Ekwam: Samaki.

Byron: Samaki haina payslip. Na huyo mzee, ako na simu nimweke referii?

Ekwam: Alikufa.

Byron aliandika hivyo hivyo: Kataboi, pampu, mabomba, miaka. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kutuma, halafu akasita, akageuza kiti.

Byron: Na wakitaka ushahidi?

Ekwam: Pampu iko, bado inatoa maji. Waende wakunywe.