Meli Nyeupe na Kiatu cha Kulia

Tumsifu Yesu Kristo! Mmeitika vizuri, ina maana uji wa ulezi umewaingia. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea. Sasa nivumilieni, mzee wa mguu mmoja akishasimama hakai upesi, maana kukaa kwenyewe ni kazi.

Ndugu zangu wa chama chetu cha walemavu, leo tuna mwenzetu mpya, yule kijana pale mlangoni. Amekatwa mguu wa kushoto, na ameniambia yeye basi, kwisha kazi. Nawaambia, maneno hayo niliyasema mimi kabla baba yake hajaoa.

Nilitoka Mwazye nikiwa kijana, nikapelekwa vita vya Burma. Bomu likanichukua mguu wa kulia. Wakanibeba kwa machela hadi kwenye meli nyeupe tupu, ina misalaba myekundu ubavuni. Kwetu Ufipa kitambaa cheupe namna ile ni cha kumvika maiti. Nikajua tunazikwa wote kwa pamoja. Siku mbili sikula wala sikumeza dawa. Maiti ale ili iweje? Cheka tu mama, hata mimi nacheka.

Kumbe ni hospitali inayoelea, haina mzinga hata mmoja! Kabla ya vita ilibeba matajiri, nami nililazwa kwenye ukumbi wao wa dansi. Nilipokuwa na miguu miwili sikuwahi kucheza dansi. Nilipobaki na mmoja ndipo wananipeleka ukumbini.

Dresa wetu, yule wa kufunga vidonda, alikuwa mtu wa Tabora. Siku ya tatu akaniuliza, "Bwana, mbona unagoma kula?"

Nikalia. Nikamwambia, "Kwetu tunalima ntumba. Unakata udongo na majani yake kwa jembe, unayafunika yaoze, unainua tuta la duara. Kwa mguu mmoja nitalimaje? Nani atanipa mke?"

Hakunipa pole. Alinipa gongo la kutembelea na tambara la deki. "Haya, bwana shamba, anza hapa."

Ndugu zangu, meli inayumba! Nilianguka, nikaanguka tena, ndoo ikanimwagikia, wagonjwa wakashangilia kama wako mpirani. Lakini nikajifunza kubana gongo kwapani na kuegemeza nyonga, mikono yote miwili ikabaki huru. Kabla hatujafika Mombasa nilipiga deki ukumbi mzima. Nikasimama katikati, jasho linanitoka, nikawaza: kama nimeweza kwenye sakafu inayohama, ntumba iliyotulia itanishinda nini? Siku hiyo niliomba chakula mara mbili.

Ntumba zangu za kwanza nyumbani zilipinda, majirani wakacheka mpaka basi. Mahindi hayakujali, yakaota. Na mke nilipata, ndiye yule anayenikonyeza nimalize.

Namshukuru yule dresa popote alipo, na masista waliotuuguza kwenye meli ile, na ninyi mnaonishika mkono kila wiki. Nililojifunza ni dogo: usingoje sakafu itulie ndipo usimame.

Na wewe kijana wa mlangoni. Siku hizi za biashara huria viatu vya mitumba vimejaa hadi soko letu la Katandala, ila hawauzi kimoja. Kila nikinunua jozi, cha kulia natupa stoo. Nimeutazama mguu wako, ni namba nane kama wangu. Kiatu chako kipo hapa mbele, chini ya benchi langu, nimekipiga rangi.

Sikuletei. Inuka uje ukichukue.