Bidhaa Ikishafunguliwa Hairudishwi

KAKA: Haloo? Nani mwenzangu?

BENKI: Mdogo wako, kaka. Benki.

KAKA: Benki? Mbona namba ngeni?

BENKI: Simu ya mteja. Yangu haina salio. Yuko hapa kitini, nimemnyoa nusu kichwa, kwa hiyo hawezi kuondoka hata akitaka. Shikamoo.

KAKA: Marahaba. Fanya haraka, niko ofisini.

BENKI: Na tai shingoni?

KAKA: Sema shida yako, Benki.

BENKI: Kichefuchefu, kaka. Tangu asubuhi. Nimenunua sarafu mtandaoni, nimeuziwa uchafu.

KAKA: Umenunua — nini?

BENKI: Sarafu ya kale. Ya fedha, ina kichwa cha mfalme. Kama ile ya Mama iliyopotea.

KAKA: Ya nini sasa?

BENKI: Nimpelekee. Kaka, umeshawahi kuwapo nikiingia kwake siku hizi? Ananipokea vizuri, karibu mwanangu, kaa, kunywa chai. Halafu anainuka polepole, anakwenda kufunga kabati. Neno hasemi. Funguo anatia kifuani, anarudi kuniuliza habari za kazi. Mimi na kikombe changu nimeshasikia kufuli.

KAKA: Mama kazeeka. Usimchukulie —

BENKI: Ukija wewe hazeeki. Kabati wazi mpaka jioni.

KAKA: Sasa mimi nifanyeje?

BENKI: Hakuna. Nakumbuka tu siku ile ilipopotea, ulivyomwambia, "Mama, hebu kumbuka nani alilala chumba hiki." Nani alilala? Mimi peke yangu.

KAKA: Nilikuwa nasaidia kutafuta.

BENKI: Najua. Uliinua hadi godoro. Sasa sikiliza —

KAKA: Nina kikao, Benki.

BENKI: Kikao kitakungoja, mteja wangu mbona anangoja? Duka linaitwa Hazina za Wafalme. Lina picha tu, mlango halina. Nimeagiza kwa simu ya fundi cherehani wa hapa jirani, maana ya kwangu kioo kimepasuka, mfalme alikuwa anaonekana ana macho matatu.

KAKA: Simu ya... fundi cherehani?

BENKI: Ee. Kwa jina lake kabisa. Mbona umeshtuka?

KAKA: Sijashtuka. Mtandao unakwaruza.

BENKI: Basi muuzaji ukimpigia hapokei. Anaandika tu. "Mteja mpendwa." Kaka, mtu aliyekwisha kula hela yako akikuita mpendwa, mate yanakujaa mdomoni. Mzigo ukaletwa na jamaa wa pikipiki. Nafungua, ndani kuna soksi.

KAKA: Ni ya kuzuia mikwaruzo.

BENKI: Soksi iliyovaliwa, kaka. Ina umbo la kidole gumba. Nimeishika na koleo la jiko. Ndani ya soksi kuna kifuko cha plastiki kimebandikwa karatasi: "Ukibandua, umekubali." Nitajuaje nilichonunua bila kubandua? Nikabandua. Harufu ya siki ikanipiga, fundi cherehani akaniuliza kama nimefungua achari.

KAKA: Hiyo karatasi ni lazima, Benki. Mtu akishabandua anaweza kubadilisha, ya kweli akabaki nayo, ya bandia akairudisha.

BENKI: Kumbe biashara hii unaijua.

KAKA: Nimesoma mahali.

BENKI: Basi umesoma vizuri kunishinda. Nikaandika, nataka kurudisha. Akajibu, "Vigezo na mashariti kuzingatiwa." Mashariti, kaka. Ma-sha-ri-ti. Hiyo i imejibana pale katikati kama abiria asiye na nauli.

KAKA: Mashariti ni mashariti. Ungeyasoma kabla hujalipa.

BENKI: [kimya]

KAKA: Haloo?

BENKI: Nipo. Ndiyo, kaka. Ningeyasoma mashariti.

KAKA: Kwanza kasoro yenyewe ni ipi? Siki ukifuta inakwisha.

BENKI: Ina tundu.

KAKA: Tundu tu?

BENKI: Na maelezo yake ndiyo yaliyonimaliza. "Ilivaliwa shingoni na binti wa mfalme, ikatunzwa na ukoo wake vizazi na vizazi, mahali salama na pakavu." Pakavu, kaka.

KAKA: Sarafu za zamani nyingi zina tundu. Tundu la karibu na sikio ndilo hata linaongeza —

BENKI: Karibu na nini?

KAKA: Haloo? Unakatika —

BENKI: Sikatiki. Karibu na nini, kaka?

KAKA: Tundu. Nimesema tundu lolote.

BENKI: [kwa mteja] Tulia bosi, huu wembe. [simuni] Kaka, unakumbuka kwa nini naitwa Benki?

KAKA: Huu si wakati wa —

BENKI: Mteja hajui, acha na yeye afaidi. Bosi, nilipokuwa ndiyo kwanza naota meno nilimeza sarafu ya mama yangu. Aliachiwa na mama yake, hana nyingine. Basi kila nikikaa kwenye poti, Mama kachuchumaa pembeni na kijiti, anachambua. Anachambua na kulia, anachambua na kunibembeleza. Mpaka ikatoka. Marehemu Baba akasema, leo benki imefunguliwa. Jina likaniganda mpaka leo. Si ndiyo, kaka?

KAKA: Benki...

BENKI: Na Baba akaitoboa aifunge uzi kwenye kitanda, nisiifikie tena. Akatumia msumari na jiwe. Msumari ukateleza. Ukatoboa wapi?

KAKA: [kimya]

BENKI: Sikusikii, kaka. Mtandao?

KAKA: Karibu na sikio la mfalme.

BENKI: Basi binti wa mfalme ndiye huyu anayeongea na wewe. Na hapo pakavu ndipo tumboni mwangu.

KAKA: [sauti ya chini] Ngoja nitoke nje. [mlango unafungwa] Benki. Mdogo wangu. Niletee hiyo sarafu. Leo, hapahapa kazini. Nakurudishia hela yote na usumbufu juu.

BENKI: Urudishe wewe? Kwani wewe ndiye muuzaji?

KAKA: Nasema nakusaidia. Kama kaka.

BENKI: Asante. Lakini muuzaji kasema bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Kaandika kwa herufi kubwa, akaweka na kipicha cha kidole chekundu. Mimi nimeshafungua.

KAKA: Achana na muuzaji.

BENKI: Niachane na mashariti?

KAKA: Mambo yalinibana, Benki. Wewe unaona tai tu, hujui —

BENKI: Sijauliza.

KAKA: Nilidhani hatakumbuka hata kuitafuta. Imekaa ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka miaka yote, hakuna —

BENKI: Kaka, sijauliza kitu. Usinieleze. Nitamtapikia mtu wa watu na shuka langu jeupe hili. Ila kuna kitu kimoja sikielewi. Ile sarafu ilipita kwenye utumbo wangu wote, ikatokea ilikotokea. Mama akaisuuza kwa maji, akaibusu. Ikaisha. Imepita mkononi mwako, umeiosha kwa siki, nami nimeisugua kwa sabuni ya saluni mpaka mfalme karibu atoke pua. Bado inanuka.

KAKA: Nilikuwa nimkombolee... nimnunulie nyingine. Nilikuwa natafuta.

BENKI: Hata mimi nilikuwa natafuta. Nikaipata kwako.

KAKA: Umeshamwambia?

BENKI: Nani?

KAKA: Mama.

BENKI: Kesho nikifunga saluni naenda. Nitamwekea mkononi. Ataigeuza, atapapasa tundu, maana macho yenyewe siku hizi yako kwenye vidole. Ataniuliza, imetoka wapi?

KAKA: Na wewe utasemaje?

BENKI: Nitamwambia imetoka palepale ilipotoka mara ya kwanza.

KAKA: Hataamini.

BENKI: Hataamini. Atanitazama, atanitazama, halafu atacheka. Si unajua akicheka anavyojipigapiga mapaja? Akianza hivyo hata funguo hazikumbuki.

KAKA: Benki, sijui nikuambie —

BENKI: Usiniambie.

KAKA: Na mimi Jumapili? Nije?

BENKI: Si kwa mama yako? Njoo, chai ipo. Kabati nitalifunga mimi.

KAKA: Mdogo wangu, nisikilize —

BENKI: Ah, simu ya watu inalia, salio linakwisha. Na mteja anadai nusu yake iliyobaki, kwangu nywele zikishakatwa hazirudishwi, ameanza kuogopa. Haya, kaka, rudi kikaoni.

KAKA: Benki, subiri —

BENKI: Halafu soksi yako ipo huku, nimeitundika mlangoni kwa nje. Njoo uichukue. Hiyo inarudishw—

KAKA: Benki? Haloo?