Mnara wa Mwashi Haupindi

Mimi ni kinyozi, na benchi lililo nje ya kibanda changu ni langu, ingawa wanaolikalia wamesahau. Asubuhi ile Mwashi alikuja na binti yake. Mtoto alitoka shule akiwa ameacha kabisa kuongea na mtu asiye wa nyumbani kwao, ndipo mama yake akaanza kumfundisha mwenyewe. Mwezi huo walikuwa wanasoma Italia kwa kuchora na kufinyanga, na mkaguzi wa elimu alikuwa njiani kuja kumpima. Akishindwa, anarudishwa kulekule. Mwashi alikuwa ametumwa kufinyanga ule mnara ulioinama. Akauweka benchini, kimo cha chupa, umesimama wima tii!

— Mbona umenyooka? nikamuuliza.

— Mkono umekataa! Mara tatu nimeupindisha, mara tatu najikuta nimeshika timazi nauweka sawa. Miaka ishirini nanyoosha kuta, leo nianze kupinda?

Profesa, fundi viatu wetu, hajasema "sijui" tangu azaliwe. Akaweka sindano chini.

— Ule wa kwao uliinamishwa na upepo.

— Upepo uvume upande mmoja miaka yote? Tuache bwana! nikabisha.

— Basi ni jua. Limekausha upande mmoja, ukajikunja kama ngozi.

— Jiwe lijikunje! Mwashi akadakia.

— Haya, sikilizeni. Italia ina umbo la buti, si ndiyo? Buti likivaliwa sana, kisigino kinalika upande. Sasa mnara umejengwa juu ya buti. Mmeelewa?

Nilitaka kumcheka lakini, Mungu anisamehe, iliniingia akilini.

Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yetu na faili kwapani.

— Samahani jamani. Kama ni kisigino, mbona nyumba nyingine za huko zimesimama?

Profesa akaanza kutafuta sindano iliyokuwa mbele ya macho yake. Mwashi alipoliona lile faili, akajua ndiye mkaguzi, akasimama.

— Ni udongo, ikasema sauti ndogo.

Binti akauchukua mnara, akaenda pale ninapomwaga maji, akausimamisha, nusu kwenye saruji, nusu kwenye tope. Taratibu ukainama.

— Baba, wajenzi hawakukosea kunyoosha. Ardhi ya upande mmoja ni laini, ikabonyea wakiwa bado wanajenga.

— Na mbona hauanguki? mkaguzi akauliza, amechuchumaa topeni na viatu vyake vizuri.

— Walichimba udongo kidogo upande wa pili, ukarudi kiasi. Nikuonyeshe?

Mwashi alinishika bega mpaka likauma.

— Anaongea na mgeni! Kinyozi, unamsikia? Mwanangu anaongea na mgeni!

Mkaguzi akafungua faili gotini, akaandika, akasema bila kuinua kichwa:

— Huyu abaki kwa mama yake.

Weee! Profesa akarusha kiatu cha mteja juu, mimi nikapiga kigelegele, mwanaume mzima, Mwashi analia waziwazi. Binti akatugeukia, mkono kiunoni.

— Nyamazeni basi, sijamaliza!