Shaka Baada ya Kisu

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa baraza hili. Kiswahili changu ni cha soko la mifugo, mtanivumilia. Mimi ni mchinjaji hapa Garissa.

Nilichinja miaka mingi bila shida. Kisha, mwaka ule mto Tana ulipofurika, nilikuwa nachuna mbuzi, swali likanijia: hivi nilisema Bismillahi? Nilisema. Una hakika? Na kama hukusema? Astaghfirullah, watu watakula haramu kwa mkono wangu! Nyama yote nikawatupia mbwa. Mnacheka, lakini nyumbani watoto walikuwa wanangoja kula.

Ikawa hivyo kila mara. Nikamsimamisha mke wangu kando yangu asikilize. "Umenisikia?" "Nimekusikia." "Wallahi?" "Wallahi." Natulia kidogo, kisha namuuliza tena. Wateja wakachoka kungoja, wakaenda kwa wengine.

Nikaenda kwa sheikh. Akaniambia kwa upole kwamba katika madhehebu yetu, hata aliyesahau kutaja jina la Mungu, nyama yake ni halali. Wallahi nilitoka pale mwepesi! Sijafika kwangu, shaka ikahamia kwingine: koromeo lilikatika lote? Na kama mbuzi alikuwa ameshakufa kabla ya kisu? Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Jibu nimepewa, na bado sijapona.

Sasa mama watoto. Yeye hana habari na visu, wasiwasi wake ni wa kila kitu. Kijana wetu ni utingo wa lori la mifugo la kwenda Liboi, kule mpakani na Somalia. Na kama watavamiwa? Lori likirudi salama, wasiwasi unahamia kwenye homa ya mtoto mdogo. Homa ikipoa, unahamia kwenye mvua. Hapati usingizi, shingo inamkaza. Nikimwambia, "Atafika, inshallah," anapumua, halafu anauliza tena. Nami nilikuwa namcheka, ati anajitafutia maradhi. Mimi!

Siku ya harusi ya binti ya dada yangu, nilichinja ngamia. Wapishi wameshawasha moto, shaka ikanijia, nikasema nyama isipikwe. Mbele ya wakwe! Dada yangu alilia kama msibani. Mke wangu akanishika mkono, akanipeleka mpaka zahanati, kwa muuguzi mmoja anayejua magonjwa ya akili.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mke wangu. "Na wewe mama, usiku unalala?" Naye akaeleza yake. Muuguzi akasema, "Mzee, wewe unahofia yaliyopita, mama anahofia yajayo. Magonjwa ni mawili, lakini mnawaza namna moja. Mkiwaza baya, mnaona liko mlangoni, na likitokea ni kosa lenu. Mnataka hakika ambayo binadamu hapewi. Na kila mmoja anamlisha mwenzake majibu. Acheni kupeana majibu hayo."

Tuliona huo ni ukatili. Kesho yake nikachinja, nikamuuliza mke wangu. Machozi yakamtoka. "Sijui, baba watoto."

Ndugu zangu, nawaambia, nilitaka kumpigia kelele. Lakini nilibeba nyama ile sokoni, nikaiuza na shaka yangu kifuani. Ilipofika alasiri, shaka ikachoka yenyewe. Kesho yake ikarudi. Siwadanganyi, tulianguka mara nyingi, na hata leo shaka hainisahau.

Namshukuru muuguzi yule, na sheikh ambaye hakunidharau. Namshukuru dada yangu, amenisamehe. Na wewe mwenye ndugu anayekuuliza jambo lile lile kila saa, usimcheke, lakini usimpe kiapo. Kaa naye tu mpaka hofu ipite.

Mke wangu yule pale, upande wa akina mama. Kijana wetu aliondoka Liboi jana, alitakiwa afike leo asubuhi, na hatujapata habari yoyote. Tumetembea pamoja mpaka hapa. Njia nzima hakuniuliza, nami sikumwambia kwamba atafika. Alinishika mkono tu, akaubana sana.